Nchi Iliyokosa Watani

Jioni ile Tunu alijigonga kwenye jiko kwa paji la uso, akakaa chini pale pale, akauliza, "Mama, nani amezima?"

Hakuna aliyezima kitu. Jua lilikuwa bado limening'inia juu ya paa la Ghala kama mgeni asiyejua kuaga, na mwanga wake ulikuwa umekijaza chumba kizima. Sikudhani, mama wa mtoto, aliona hata unga uliogandia kwenye ukingo wa sufuria. Alimwona na mwanawe: macho makavu, yamekodoka, yanapatazama mahali ambapo mama alikuwa amesimama kitambo kilichopita.

"Sijazima, mwanangu. Niko hapa."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni wapi?"

Sikudhani akamnyanyua badala ya kulijibu swali. Maana, tusidanganyane, katika nchi ile hata mwenye macho mazima asingeweza kulijibu.

Nchi yenyewe haina jina. Iliwahi kuwa nalo, lakini lilikuwa refu, Ghala likalikoboa. Kila kitu kule kilikobolewa: unga, majina, nyuso. Ghala lenyewe ni jengo jeupe lililojiketisha katikati ya nchi, halina madirisha, lina mdomo tu. Asubuhi mdomo unatema unga mweupe, jioni unatema maneno, na ukila haraka haraka huwezi kutofautisha ladha ya hivi viwili. Mashamba yanayolizunguka yamepandwa mmea mmoja wa mbegu moja, mistari imenyooka mpaka macho yanauma, kila mmea na mwenzake kimo sawa, utadhani kuna mtu amepita juu yao na mkasi. Kisicho mmea huo kinaitwa gugu. Mchicha, gugu. Kunde, gugu. Mnavu, gugu. Bibi yako akichelewa kutoka shambani, gugu.

Watu nao wakaanza kufanana. Mwanzoni walifurahi, maana aliyekuwa na pua kubwa aliamka ikiwa imepungua, na asiyekuwa nayo aliamka ameongezewa. Ikafika mahali kina mama wanakwenda kisimani kuwaita watoto wao na kurudi na yeyote aliyekuwa karibu, na hakuna wa kulalamika, kwa kuwa aliyechukuliwa naye anaamkia kwa sauti ile ile na kula ugali ule ule. Sikudhani alimjua Tunu kwa kovu la goti, basi. Siku akivaa suruali ndefu, ilikuwa kazi.

Na miezi. Zamani miezi ya nchi ile iliitwa kwa kilichoiva: Mwezi wa Kunde, Mwezi wa Mtama, Mwezi wa Maboga, na ule mwembamba wenye njaa ulioitwa Mwezi wa Mnavu, kwa sababu mnavu uliota wenyewe kando ya njia na kuwavusha watu. Mimea ilipoondolewa, miezi ilizunguka zunguka juu ya mashamba ikikosa pa kutua, nayo ikaondoka. Ulibaki mmoja, Mwezi wa Ghala, unaoisha jioni na kuanza tena asubuhi. Tunu alizaliwa katika Mwezi wa Maboga wa mwisho. Mwezi wake haujarudi tangu hapo, kwa hiyo naye hajaongezeka. Shati alilovaa siku ya kuachishwa ziwa bado linampwaya.

*

Asubuhi Sikudhani alimbeba mpaka kwenye dirisha la kupimia, ubavuni mwa Ghala. Mpimaji aliitwa Mwinchande. Huyu ndiye aliyepima watoto asubuhi na kuua magugu jioni, ndiyo maana alikuwa na mizani mbele na bomba la dawa mgongoni, na kofia nyeupe aliyoivuta upande mmoja mpaka shavuni. Bomba lilikuwa likivuja kidogo kidogo. Alipopita, ardhi ilinyamaza.

"Mpandishe."

Tunu akapandishwa. Mshale ukatetemeka, ukatulia.

"Amejaa," alisema Mwinchande.

"Amejaa nini?"

"Amejaa. Mizani haiulizi amejaa nini."

"Bwana Mwinchande, mtoto haoni. Jua likiinama tu, haoni. Anapapasa kuta kama mlevi."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anashiba?"

"Mpaka anacheua."

"Sasa mama, ugomvi wako na mimi ni nini? Mtoto ameshiba, unataka na macho?" Akageuka kwa wanawake waliopanga foleni nyuma ya Sikudhani, wote na uso mmoja. "Jamani, huyu mwenzenu anataka na macho!"

Wanawake hawakucheka. Kucheka kulikuwa kumewatoka zamani, kama jino. Waliinamisha vichwa tu, na Sikudhani akajiona yeye mwenyewe ameinamisha kichwa mara nyingi, mstari mzima wa Sikudhani mpaka mwisho wa macho.

"Zamani," alisema kwa sauti ndogo, "mtoto wa namna hii alipewa majani ya..."

"Ya?" Mkono wa Mwinchande ulikuwa umeshafika kwenye mpini wa bomba.

"Nimekohoa."

"Nimesikia neno linakuja."

"Limerudi. Nimekohoa tu, bwana."

"Ukikohoa tena, kohoa ndani kwako. Halafu funga mlango. Anayefuata!"

*

Hebu tusimame hapa, maana kuna jambo ambalo msomaji lazima alijue, na Sikudhani mwenyewe alikuwa akilikumbuka njia nzima huku mtoto akimpumulia shingoni.

Kabla ya Ghala watu wa nchi ile walikuwa wa aina aina. Kulikuwa na watu wa Mtama na watu wa Boga, watu wa Kunde na watu wa Muhogo, na kila ukoo ulikuwa na watani wake. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana. Anaingia jikoni kwako bila hodi, anakuambia kichwa chako kimekaa vibaya, anafunua chungu, anaonja, anatema, anapandisha mkono kwenye uchaga juu ya mafiga, pale mbegu zinapokaushwa na moshi, ananyakua kibuyu anachokitaka na kutoka mbio. Wewe unamkimbiza na mwiko. Ukimpata unampiga kweli. Usipompata, kesho ni zamu yako kwenda kwake. Hapo hapana kuombana wala kushukuriana, na mbegu iliyoombwa kwa adabu ilijulikana kuwa haioti, inalala chini ikijisikia. Hivyo ndivyo kunde za mashariki zilivyofika magharibi, na ulezi wa bondeni ukapanda mlimani: kwa matusi. Hakuna aliyepanga. Watu walichukiana kwa utaratibu mzuri, na mbegu zikatembea.

Ghala lilipokuja lilisema neno moja jioni moja. Likasema: nyote ni wamoja, na wamoja hawataniani. Utani ukaitwa uchochezi. Na watu walipiga makofi! Sikudhani mwenyewe alipiga, viganja vikawasha, kwa sababu watu wa Boga walikuwa wamemsumbua utoto wake wote kuhusu pua yake. Nani hapendi kuachwa na pua yake kwa amani?

Kisha Ghala likagawa majiko meupe yasiyotoa moshi. Wanawake wakafurahi tena, macho yakaacha kuwasha, kanga zikaacha kunuka. Huku juu, kwenye uchaga, fukusi walisubiri moshi, hawakuuona, wakaingia. Walikula mbegu za ukoo mmoja mmoja, taratibu, kutoka ndani, mpaka vibuyu vikabaki na vumbi linalosikika kama mbegu ukitikisa. Hakuna aliyefungua kuangalia. Unga si ulikuwa unakuja?

Ndipo kukawa kimya. Na katika kimya hicho swali likaota, gugu pekee ambalo bomba halikuliua: kama hakuna wa kuniambia pua yangu ni kubwa, nina pua? Anayenipenda ananiona kama anavyotaka niwe. Anayenitawala hanioni kabisa. Mtani peke yake ndiye aliyenitazama vizuri, kwa ubaya, akatafuta kilicho changu tu, akakitaja kwa sauti mbele ya watu. Sasa ameondolewa. Mimi ni nani? Mimi ni uji. Mimi ni foleni. Mimi ni hapa, na hapa ni wapi?

*

Moshi ulikuwa umebaki mmoja tu katika nchi nzima, mwembamba, kule jalalani.

Jalala la Ghala ni pana kuliko Ghala. Kila kilichokobolewa kilitupwa kule: pumba, viini vya mbegu, ncha za pua, silabi za majina. Sikudhani alitembea juu yake akiwa na Tunu mgongoni, na miguu ilizama katika vitu laini vyenye harufu ya chakula. Jina la nchi lilipita likipeperushwa na upepo, likamgusa uso, hakulitambua. Mwezi wa Kunde ulikuwa umelala ubavuni mwa lundo, umekunjamana kama kiatu. Ule wa Mnavu ulikuwa karibu yake, bado una njaa.

Katikati ya lundo palikuwa na kibanda, na mlangoni mwa kibanda alikuwa amekaa Zamoyoni, mtu wa Boga, mwanamke wa rika la Sikudhani, aliyegombana naye kisimani tangu wakiwa na meno ya maziwa. Yeye alikataa jiko jeupe. Alilirusha kichwani mwa aliyelileta, akafukuzwa mjini, akaja kukaa penye taka, na kwa kuwa Ghala huamini kuwa kilicho jalalani kimeshakwisha, hakuna aliyemfuata. Alikuwa amenenepa. Ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, kumbe ni pumba alizokuwa akila, na viini, na majani yaliyolala juu ya paa lake, mapana, yenye manyoya, yanatambaa. Majani ya maboga. Sikudhani aliyaona, akaongeza mwendo.

"Hodi," alisema.

"Hodi ya nani? Mtani hapigi hodi. Toka."

"Dada Zamoyoni, shikamoo."

"Ishikamie huko huko. Dada yako nani? Mimi ni mtu wa Boga. Wewe ulikuwa mtu wa Mtama, kabla hujawa uji."

"Mtoto wangu haoni jioni. Naomba majani kidogo. Na mbegu, kama zipo. Tafadhali."

"Ukiomba umekosa."

"Nitakushukuru maisha yangu yote."

Zamoyoni alitema mate, yakamkosa kidogo. "Unataka kuniulia mbegu? Mbegu zangu hazijawahi kushukuriwa hata mara moja, zina afya zao. Unataka, chukua kama mtu. Nitukane."

"Nikutukane?"

"Au umesahau? Ulikuwa na mdomo wewe, kisimani maji yalikuwa yakikusikia yanarudi chini. Nitukane nisikie."

Sikudhani alifungua mdomo. Akaingia ndani ya kichwa chake kutafuta tusi, na hii ndiyo safari mbaya kuliko zote alizowahi kutembea, kwa kuwa ndani palikuwa peupe. Akafungua kibuyu cha kwanza. Vumbi. Cha pili. Vumbi. Mbaya kama. Kama nini. Mkavu kama. Mzito kama. Nilikuwa na neno la mguu mwembamba, lilikuwa linaota mabondeni, lilikuwa na ndege juu yake. Nilikuwa na neno la mtu asiyenyamaza, lilikuwa linachemka, linarukaruka chunguni. Neno la mtu anayeteleza. Neno la mtu mgumu kumenya. Yote yalikuwa mimea. Tulipoing'oa tuling'oa ndimi zetu na mizizi yake.

"We," alisema. "We mbaya."

"Mbaya kama nini?"

"Kama... punje."

"Punje ya nini?"

"Nyeupe."

"Hilo ni tusi au wimbo wa Ghala?" Zamoyoni alisimama, akajifuta mikono kwa upande wa kanga. "Nenda zako. Nilidhani nimetembelewa na adui, kumbe nimeletewa makapi. Na hicho kinyago mgongoni umekitoa wapi? Umekilisha chokaa? Jamani, macho yake! Kama choroko zilizochemshwa zikasahaulika jikoni. Hilo halitaona jioni wala asubuhi, wape wa Ghala wakazie mlango usifunguke."

Sasa kuna maneno mtu huyasikia kwa masikio, na mengine kwa tumbo la uzazi. Tunu alijificha nyuma ya bega la mama. Sikudhani alihisi mikono midogo ikimkaza shingoni, akavuta pumzi ndefu, na ile harufu ya jalala, pumba na viini na moshi, ikapanda puani ikaenda moja kwa moja mahali ambapo fukusi hawakuwa wamefika.

"Usimtaje mwanangu kwa huo mdomo wako unaovuta mlenda!"

Zamoyoni alituliza macho. "Ehe?"

"Kichwa kama boga lililotobolewa na panya, zimebaki mbegu tu zinagongana humo ndani! Tumbo kama gimbi! Mguu mmoja wa bua, mwingine wa muhogo, ukitembea mtu anadhani mnakuja wawili!"

"Ehe!"

"Ukoo wenu mzima wa Boga mnatambaa chini kwa sababu kusimama kumewashinda! Mnapanda mapaa ya watu kama wezi!"

"Na nyie wa Mtama," Zamoyoni alipiga kelele, na shavu lake lilikuwa linacheza, "mmesimama wima mkajidai, ndege wakawala vichwa! Ukoo wa mabua! Mtu mzima upepo ukivuma anainama anasalimia kila mtu!"

"Afadhali kusalimia kuliko kuzaa watoto chini kwenye mavi ya mbuzi!"

"Rudia!"

"Kwenye mavi ya mbuzi, na bado wanatoka na mabaka!"

Sikudhani hakujua amefikaje ndani. Mkono wake ulikuwa uchagani, moshi unamliza machozi, na kila kibuyu alichokigusa kilisema jina lake. Akanyakua kimoja. Akachuma majani ya paa kwa mkono mwingine, mengi, pamoja na vikonyo vyake. Mwiko ulimshukia begani, si mchezo, mfupa ulilia. Akatoka mbio juu ya lundo huku Tunu akirukaruka mgongoni, na nyuma Zamoyoni anamrushia kila alichokamata. Mfuko wa karanga ulimpiga katikati ya mgongo chini ya miguu ya mtoto. Akaudaka kabla haujaanguka.

"Mwizi! Mwizi mkubwa! Pua kama mchi wa kutwangia!"

Sikudhani alikimbia huku ameshika pua. Ilikuwa imerudi.

*

Nyumbani aliligeuza jiko jeupe likawa kiti cha Tunu. Akatafuta mawe matatu akawasha moto wa kuni, na kibuyu akakipandisha juu ya moshi. Majani akayamenya nyuzi, akayakatakata, akayapika na karanga alizozitwanga kwa hasira, bado bega linamuuma. Tunu alikunja uso. Ulimi wake ulikuwa haujawahi kukutana na kitu chenye maoni yake mwenyewe.

"Kichungu."

"Kula."

"Kina manyoya."

"Hata shangazi yako alikuwa nayo, na aliolewa. Kula."

Mbegu nyingine alizipanda nyuma ya nyumba, akitukana kila shimo, kwa kuwa hakutaka kukosea. Na boga si mmea wa kufichika. Mtama ungeweza kujifanya mmea wa Ghala kwa mbali, lakini boga likishashika njia halimwulizi mtu. Liliruka ukuta, likalalia paa, likateremka kwa jirani likaweka ua la njano kwenye kamba yake ya nguo. Nyuki alikuja. Watu walitoka nje kumtazama, hawakujua ni nini, wakadhani ni kipande cha Ghala kilichodondoka kikapata wazimu.

"Gugu lako limeingia kwangu," jirani alisema juu ya ukuta. Alikuwa mwanamke wa sauti nyororo, uso kama wa wengine wote. "Na moshi wako. Nitasema."

"Sema."

"Nitasema kweli."

"Sema basi, mbona unasimulia?"

Kila jioni Sikudhani alimkalisha mtoto mlangoni na kungoja. Kila jioni Tunu aliuliza nani amezima. Majani yanaliwa, karanga zinakwisha, na kule nje nchi nzima ilikuwa ikimnunia. Akipita, migongo inageuka kama milango.

Ndipo kutu ikaja. Doa la rangi ya chuma lilionekana kwenye jani moja, katika shamba moja, asubuhi. Jua lilipopinda mashamba yote yalikuwa yameungua. Katika nchi ya aina aina ugonjwa hupata taabu, hubisha hodi huku ukafukuzwa, ukajaribu kule ukakuta mlango wa namna nyingine. Hapa ulibisha mlango mmoja tu, na milango yote ikafunguka, kwa kuwa ilikuwa mmoja. Kesho yake mdomo wa Ghala ulitema unga, kisha vumbi, kisha ukabaki kutema maneno tu. Ukasema: kuna mtu anatoa moshi.

*

Walikuja jioni. Mtaa ulijaa uso ule ule mpaka mwisho wa mtaa, uso wenye njaa, na mbele yao Mwinchande na bomba lake. Hakuna aliyepiga kelele. Chuki yao nayo ilikuwa imekobolewa, nyeupe, haina ladha, na ndiyo maana ilitisha.

Sikudhani alisimama mbele ya shina kwa upana wote aliokuwa nao. Tunu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mikono magotini. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana, ule wa kumtambua mtu kwa mwendo tu. Mtoto hakuwa amesema kitu tangu jua liiname, na mama hakuthubutu kumwuliza. Mmea huu ukifa leo, hapatakuwa na jani jingine. Zamoyoni haibiwi mara mbili mfululizo, zamu ya kuiba sasa ni yake.

"Toka hapo mama," alisema Mwinchande.

"Sitoki."

"Nitakumwagia na wewe. Dawa haichagui."

"Najua haichagui. Ndiyo ubaya wake."

"Watu wana njaa kwa ajili yako."

"Watu wana njaa wamesimama chini ya chakula. Inua uso uone paa langu."

Hakuinua. Alipiga hatua, akasukuma mpini, bomba likakoroma. Akanyanyua mrija. Na ukono mmoja wa boga, mwembamba, uliojizungusha kama springi ya saa, uliokuwa ukining'inia kutoka kwenye paa ukitafuta cha kushika, ukaishika kofia yake. Alipovuta hatua ya pili, kofia ilibaki hewani.

Mtoto akacheka.

"Mama, ona! Mjomba ana sikio kama jani la boga! Lile moja tu! Jingine dogo!"

Sikudhani aligeuka polepole, kama mtu aliyebeba maji kichwani. "Unaliona?"

"Si hilo hapo! Kubwa! Na lina manyoya!"

Jua halikuwepo tena. Mtoto alikuwa ameelekeza kidole, na kidole hakikuyumba, kilikuwa kimenyooka kwenye sikio la kushoto la Mpimaji wa Ghala.

Mwinchande alipeleka mkono. Akaligusa. Akalipapasa kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha akaligusa lile jingine, akarudi kwenye kubwa. Maisha yake yote alikuwa akilifunika kwa kofia, bila kukumbuka anamficha nani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa bado lipo. Nyuma yake nyuso zilianza kutazama sikio, kisha zikatazamana, na mtu mmoja huko nyuma akakohoa kwa namna iliyofanana na kicheko.

Mrija ulikuwa bado umenyanyuka. Sikudhani alikuwa akiutazama mdomo wa Mwinchande, si mrija. Alijua mtu wa Ghala humjibu mtoto kwa dawa. Mtani humjibu kwa mdomo.

Midomo ya Mwinchande ilitikisika. Ilikuwa ikitafuta, na Sikudhani aliyekuwa ameisafiri njia ile alijua jinsi humo ndani palivyo peupe.

"Na wewe," alisema Mwinchande kwa sauti ya kukwaruza. "Na wewe mtoto. Kichwa chako. Kichwa chako kama..."

"Kama nini?" aliuliza Tunu, ameinua kidevu.

"Kama boga."

Neno lilianguka mtaani, zito, likabingirika. Watu walilipisha njia. Mwinchande mwenyewe alilitazama likipita kana kwamba limetoka kwa mtu mwingine, na mkono wake uliteremka, bomba likawa linachuruzika peke yake juu ya viatu vyake. Kule katikati ya nchi mdomo wa Ghala ulikuwa unasema tulieni, tulieni.

Jirani wa sauti nyororo ndiye aliyetangulia. Hakupiga hodi. Alimsukuma Sikudhani kwa bega lile lile lenye jeraha, akasema, "Sogea huko, pua mchi," akaingia jikoni. Uchaga ulilia. Kibuyu kiligongana na kibuyu.

Sikudhani akachukua mwiko, akamfuata.